Bafta ya Japani

Swali lililoninyima usingizi majira yote yale ya baridi lilikuwa fupi: kitambaa kilichomo ndani ya sanduku langu nimpe shangazi, au nisimpe? Sanduku lilikuwa chini ya kitanda changu, na kitanda changu kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa chumba chake. Kuta za nyumba za kupanga za Langley Park, huku Marekani, ni nyembamba, zinapitisha hata kikohozi. Nikimsikia akijigeuza nilijua yuko macho. Nikijigeuza mimi, nadhani naye alijua. Yeye alikuwa anakisubiri kile kitambaa, mimi nilikuwa nacho, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba kana kwamba hakuna jambo kati yetu.

Mtu mwingine angekuwa ameshaamua. Mimi nimesoma mpaka shahada ya pili, na kitu nilichokielewa vizuri kuliko vyote darasani ni namna jambo linavyoweza kuharibika. Nikimpa, atajua nimekubali kwamba anakufa. Nisipompa, atakufa akijua nilimnyima kitu kimoja alichoniomba. Nikimpa kwa siri na binti yake akagundua, binti yake hatanisamehe, na nyumba ni ya binti yake. Nikimpa mbele ya binti yake, hapo kichwa kilikataa kuendelea, kikarudi mwanzo.

Shangazi ni dada wa baba yangu. Alikuja Marekani kabla sijazaliwa, na miaka mingi kazi yake ilikuwa kurekebisha nguo katika duka moja la dobi kule Arlington, jirani na makao makuu ya jeshi. Alikuwa akipandisha pindo za suruali za wanajeshi. Alipenda kusema kwamba wakubwa wote anawajua kwa urefu wa miguu; sura zao akikutana nazo barabarani hazitambui. Nilipokuja kusoma alinipokea, na nilipohitimu alinikataza kuhama, akasema kodi za huku zinawatafuna wasomi wabichi. Binti yake, ambaye namwita dada kwa kuwa amenizidi umri, aliletwa hapa angali mtoto mdogo. Kiswahili anakielewa chote, matusi yakiwemo, lakini anajibu kwa Kiingereza. Yeye ni mfamasia. Kwa hiyo saratani ya tumbo ilipoingia katika nyumba ile, iliingia kwa mtu anayejua majina ya dawa zote, na aliipokea kama mtu anavyopokea kazi iliyoletwa ofisini kwake. Alipanga vidonge, alipanga vyakula, alipanga zamu za kumsindikiza mama yake hospitali. Na aliweka sheria moja: ndani ya nyumba hii kifo hakizungumzwi.

Hakuwa anatania. Mama mmoja tunayesali naye alikuja kumjulia hali mgonjwa, akakaa kitandani akaanza kuomba dua huku analia. Dada alimshika mkono kwa adabu, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi, na hakumkaribisha tena.

Safari ya Japani ilikuja katikati ya hayo. Ofisi niliyokuwa nafanyia kazi ilikuwa na mkutano Tokyo, wakahitaji kijana wa kupanga viti, kugawa beji na kukimbizana na wageni waliopotea kwenye hoteli. Niliona wamenichagua kwa makosa. Halafu nikawaza karatasi zangu. Nilikuwa kwenye kile kibali cha kufanya kazi wanachopewa wanafunzi wakishahitimu, na siku hizi kutoka nje ya nchi hii na kibali cha namna hiyo ni kucheza kamari. Nilishaandika barua pepe ya kukataa. Shangazi ndiye aliyenizuia kuituma.

"Nenda," alisema. "Wakikukatalia kurudi, utakuwa umeiona Japani."

Habari ikasambaa. Ukisafiri, watu wetu hawakuulizi unakwenda kufanya nini, wanakuuliza utaleta nini. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mkenya mwenye sauti inayofika mpaka kituo cha basi, alitaka kisu cha jikoni, akasema vya hapa vinakata hewa tu. Dada alitaka mafuta ya kujikinga na jua, na vile vifuko vya joto vya kubandika mwilini, kwa sababu mama yake alikuwa anasikia baridi hata mbele ya hita. Shangazi alisubiri mpaka dada ametoka kwenda kazini. Nilikuwa jikoni naosha mchele. Alikuja taratibu, akishika kiti hiki na kile, akasimama nyuma yangu.

"Mimi niletee bafta," alisema. "Bafta ya Japani. Nyeupe, isiyo na ua wala nakshi."

Nilimwuliza kwa nini itoke Japani wakati maduka ya vitambaa yamejaa hapa. Akanieleza kwamba khanga za mama yake zamani, huko Tanga, zilikuwa zimetoka Japani, na kila mwanamke aliyekuwa nazo alizitunza. Zilifuliwa miaka na miaka, zikawa laini kama ngozi ya mtoto, zisichuje wala zisichanike. Wajapani wanaijua pamba, alisema. Nikamwuliza anataka nyingi kiasi gani. Akasema nitakayoweza kubeba. Alipogeuka kuondoka akaongeza, bila kuniangalia, kwamba dada yangu nisimwambie.

Nilifurahi sana. Nimekulia Morogoro mjini, katika nyumba ambayo misiba ilikuwa shughuli ya watu wazima. Sisi watoto tulipelekwa kwa majirani mpaka matanga yaishe. Neno sanda nililijua. Bafta kwangu ilikuwa kitambaa tu, kile cha kutilia ndani ya gauni lisiangaze. Nikawaza kwamba shangazi anataka kumshonea binti yake kitu, na mgonjwa anayetaka kushona ni mgonjwa anayepona. Nilikaa na wazo hilo siku nyingi. Lilikuwa wazo zuri kuliko yote niliyokuwa nayo mwaka ule.

Tokyo niliiona hasa jioni, baada ya wageni kwenda kula, na siku moja nzima mwishoni. Kununua vitu kule kunamchosha mtu wa aina yangu. Kuna duka la ghorofa nyingi ambalo ghorofa nzima ni kalamu. Nilisimama mbele ya peremende za chai ya kijani nikijiuliza nichukue boksi lipi, kubwa lionekane ni majivuno, au dogo lionekane ni ubahili, mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama naumwa. Kwenye kituo cha treni ndipo nilipopumua kidogo. Niliwaona watu wazima waliovaa suti wamepanga foleni kununua maboksi ya keki za kupeleka ofisini kwao, kwa sababu walikuwa wamesafiri mji mwingine na hawawezi kurudi mikono mitupu. Walikuwa na sura za wasiwasi kama yangu. Kwa jambo hilo moja niliona niko kwa watu wa nyumbani.

Kisu nilikipata katika mtaa wa wauza vyombo. Mzee wa duka alikijaribu mbele yangu kwenye karatasi, akanionyesha kwa ishara kwamba kisioshwe na mashine. Soksi zenye kutenga kidole gumba nilichukua jozi kadhaa. Bafta ndiyo iliyonitesa. Kuna mtaa mzima wa vitambaa, majora yamepangwa mpaka nje kwenye njia ya miguu, lakini kila cheupe nilichokigusa kilikuwa na nailoni ndani, au kimechorwa paka. Nilikuwa nimeshakata tamaa nilipoingia duka dogo la pembeni la mama mmoja mwenye miwani. Kwenye rafu ya chini alikuwa na majora madogo meupe, yamekunjwa na kuzungushiwa karatasi, kila moja dogo kama taulo la uso lililoviringishwa. Alinifungulia moja nilishike. Lilikuwa jepesi, limepoa, na lina ile harufu ya pamba ambayo haijaguswa na kitu. Nikajua shangazi atalipenda.

Tulizungumza kwa simu, yeye anaongea, simu inaandika Kiingereza. Aliniuliza kitambaa ni cha kazi gani. Nikajibu ni cha shangazi yangu. Akaniangalia, akaligusa tumbo lake mwenyewe, akacheka, akafanya mikono kama anayebembeleza mtoto. Simu ikaandika kwamba kitambaa hiki mwanamke mjamzito hufungwa tumboni, ili mtoto akae vizuri, na kwamba bibi yake alikuwa akikikata nepi. Alikuwa ameamua kwamba nyumbani kwetu kuna uzazi. Niliona aibu kumrudisha nyuma, nikaitikia kwa kichwa. Aliinama, akanipongeza, akayafunga majora yangu kwa karatasi nzuri yenye fundo jekundu na jeupe, lile la sherehe. Nilitoka pale natabasamu peke yangu barabarani.

Jioni ile nilimpigia mama simu ya picha kutoka hotelini nimwonyeshe manunuzi. Kwake ilikuwa mchana, alikuwa anachambua mboga. Alikisifu kisu, akazicheka soksi, akasema hizo ni za mbuzi. Nilipoinua kile kitambaa aliacha kucheka.

"Hicho kakuagiza nani?"

Nikamwambia ni shangazi, na kwamba kataka bafta, tena ya Japani. Nilimwona ameweka mboga chini.

"Mwanangu," alisema, "hiyo ni sanda."

Sikumbuki tulivyoagana. Nakumbuka nilikaa sakafuni, nikalifungua lile fundo jekundu nikalitupa, kwa sababu nilishindwa kuliangalia. Halafu nikakikunjua kitambaa, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mikono yangu ilikuwa nalo tangu dukani. Upana wake ulikuwa mdogo kama urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, tena ukipungua. Wanakifuma hivyo, kwa kipimo cha nguo zao. Mimi ninayekagua pasipoti mara tatu kabla sijafunga mlango sikuwa nimeuliza upana. Nilikuwa nimenunua sanda isiyoweza kumfunika mtu bega kwa bega. Maduka yalikuwa yameshafungwa, na ndege yangu ilikuwa asubuhi.

Kwenye ndege nilikuwa na muda mwingi wa kuwaza. Katika uwanja wa ndege wa Dulles, mlangoni mwa Marekani, ofisa alizigeuza karatasi zangu polepole, akaniuliza kazi yangu ni nini, mwajiri wangu ni nani, nilikwenda kufanya nini. Nilijibu kama mwizi, ingawa kila nilichosema kilikuwa kweli. Mwingine kule kwenye mizigo alinifungulisha sanduku. Alikipita kisu, akazipita peremende, akayashika yale majora meupe akauliza ni ya nini. Nikasema ya kushona. Akauliza kama mimi ni fundi. Nikasema fundi ni shangazi yangu. Akanirudishia, akanitakia siku njema. Nilifunga zipu, nikawaza kwamba kwa wiki nzima nilikuwa nimeogopa kuzuiwa mlangoni, na sasa nimepita, na ningependa wangenizuia.

Nyumbani walikuwa wamekaa sebuleni wananisubiri. Jirani wa juu alishuka kabla sijavua koti. Aliupokea mfuko wake, akakitoa kisu kwenye boksi, akakigeuza kwenye taa.

"Ai, wewe msomi," alisema. "Japan yote hiyo, na kisu chenyewe ni kadogo hivi?"

"Kijaribu kwenye ulimi wako," shangazi alimwambia. "Kinatosha."

Jirani alicheka mpaka akaketi. Dada naye alicheka, na ilikuwa muda mrefu sijamwona hivyo. Nilimpa shangazi vifuko vya joto, soksi na chai. Alivipanga mapajani, akanishukuru kimoja kimoja. Halafu macho yake yalikwenda kwenye sanduku, yakaja kwangu, yakakaa.

"Vingine sikuvipata, shangazi," nilisema.

"Haya," alisema.

Baada ya hapo mambo yalishuka haraka. Madaktari walisema dawa za mishipani hazisaidii tena, wakazisimamisha. Dada hakukubali. Akawa anaandikia hospitali nyingine, Baltimore na kwingineko, anatafuta majaribio ya dawa mpya, anarudi kutoka kazini anakaa na kompyuta bila kuvua viatu. Shangazi alikonda mpaka pete ikahamia kidole gumba. Zile dawa zilikuwa zimemwachia ganzi kwenye vidole. Cherehani yake ilikuwa pale pale karibu na dirisha, panapoonekana ujenzi wa reli mpya na foleni ya mabasi, naye alikuwa akikaa nyuma yake kila siku kama mtu aliyekwenda kazini. Siku moja nilimkuta anajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Alijaribu, akakosa, akajaribu. Nilijifanya natafuta kitu kabatini ili asijue nimeona.

Dada aliniita nje, kwenye maegesho, akasema hataki niwe naingia chumbani kwa mama yake na uso ule. Alisema kwa Kiingereza, kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa unaniogopesha. Mama anatusoma nyuso, alisema. Siku tutakayoanza kupanga maziko yake, ndiyo siku atakayoanza kufa. Nikamwitikia. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimwona hajui anachosema. Sikumwona hivyo. Niliwaza huenda yuko sahihi. Nilikuwa nimesoma kiasi cha kujua kwamba hakuna mtu anayeweza kunipimia matumaini yana uzito gani mwilini mwa mgonjwa, na kwamba kama yana uzito wowote, mimi ndiye niliyekuwa na kitu cha kuyaondoa, chini ya kitanda changu.

Basi nikawa nakitoa na kukirudisha. Nilikihamishia kabatini, nikakirudisha sandukuni. Nilianza kutafuta kwenye simu kama sanda nyembamba inakubalika, nikafunga kabla majibu hayajafunguka, nikiogopa dada ataiona simu yangu.

Ilikuwa Ijumaa, mchana, dada yuko kazini na mimi nafanyia kazi nyumbani. Shangazi alikuwa nyuma ya cherehani. Aliniita. Nilipofika alikuwa anaangalia nje.

"Ulikosa," aliniuliza, "au uliogopa?"

Nilitaka kudanganya, nikaona ulimi hauendi.

"Nilipata, shangazi."

"Najua. Mama yako alinipigia siku ile ile."

Kwa hiyo siku zote zile alijua. Alijua nilipompa soksi. Nilimwuliza kwa nini hakunidai. Akasema kitu kama kile hakidaiwi. Ukikidai unakuwa umemnyang'anya mtu, naye alitaka apewe. Halafu akanieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemweleza mteja. Alikuwa ameshaongea na wanawake wanaoosha maiti msikitini. Wakamwambia asiwe na wasiwasi, vitambaa vipo tayari, vimefungwa kwenye pakiti za plastiki, saizi moja kwa watu wote.

"Miaka yangu yote nchi hii nimewapunguzia watu suruali ziwakae," alisema. "Halafu mimi nivalishwe cha pakiti."

Nilicheka, akacheka, kisha kikohozi kikamshika, nikamshikia maji. Alipotulia alisema anataka aishike ikiwa bado anaweza kushika. Aifue, aifukize udi, aizoee. Hakuwa analia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia.

"Shangazi, ni nyembamba," nilimwambia. Nikamwonyesha kwa mkono wangu. "Sikuuliza upana."

Aliupima mkono wangu kwa macho.

"Ndivyo walivyo. Haidhuru. Itakuwa ile ya ndani, inayogusa ngozi. Hizo za juu watumie za kwao." Alisema ameshauliza pia kuhusu kuunga vipande, na hakuna ubaya. "Haya, nipe."

Nilisimama nikaenda mpaka mlango wa chumba changu. Ningeingia, ningempa, na ingekuwa imekwisha. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshatangulia mbele kama kawaida yake. Niliiona ile siku baada ya mazishi, dada peke yake chumbani anakunja mashuka, anainua godoro, anakuta mabaki ya kitambaa na uzi mweupe, na hakuna mama tena wa kumwuliza. Niliona atakavyohesabu kwamba tulikuwa wawili tukijua na yeye amefichwa, kwenye nyumba yake. Kwa miezi nilikuwa nimewaza mambo mia ambayo huenda yasitokee. Hili nililiona litatokea.

Nikarudi mikono mitupu.

"Nitakupa dada akiwepo," nilisema.

"Nilikwambia usimwambie."

"Uliniambia. Sitaweza, shangazi."

Aliniangalia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alisema nimekuwa kama hao wa pakiti, najua kinachowafaa watu wote. Akageuza uso dirishani. Jioni nilipompelekea uji aliupokea kwa dada, kwangu hakuupokea. Usiku ule sikusikia kitu upande wa pili wa ukuta, na sikujua kama amelala au ananinyima hata kujigeuza kwake.

Jumamosi mchana dada alikuwa nyumbani, amekaa mezani anapanga vidonge vya wiki kwenye vile visanduku vya siku. Shangazi alikuwa kitini pake. Nje mashine za reli zilikuwa zinapiga kelele kama kawaida. Nilikwenda chumbani, nikayatoa majora sandukuni, nikayabeba kwa mikono miwili mpaka sebuleni, nikayaweka mapajani mwa shangazi. Nikamgeukia dada nikasema kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza nisingeweza.

"Dada, hii ni sanda ya mama. Ndiyo aliyoniagiza Japani. Aliniomba nikufiche, na mimi nimeshindwa kukuficha."

Kidonge kimoja kilianguka kikaviringika chini ya meza. Dada alisimama. Aliniambia nikiondoe kitu kile. Alisema nikiondoe, na nikishakiondoa nikusanye vitu vyangu na mimi niondoke, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Sikukiondoa. Nilikuwa nimelitegemea hilo, na nilikuwa tayari nimeshaongea na jirani wa juu kwamba huenda nikahitaji kochi lake.

Shangazi hakutuangalia sisi sote wawili. Alikuwa anaivua ile karatasi kwa viganja, kwa kuwa vidole havikuwa vinasikia. Ilimchukua muda. Alipoifikia pamba alishindwa kuijua kwa mikono, akaiinua akaiweka shavuni, akafumba macho, akakaa hivyo.

"Mwanangu," alimwambia dada, "njoo uishike."

Dada hakuja. Alifungua mlango wa kioo akatoka kwenye roshani bila koti, kwenye baridi, akaufunga nyuma yake. Alisimama ametupa mgongo, ameshika chuma kwa mikono miwili. Tuliuona mvuke wa pumzi yake.

Shangazi alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana.

"Nipime," alisema.

Nilimsimamisha, akaegemea cherehani. Nilikishika kitambaa begani kwake kikashuka mpaka chini ya nyayo, kikabaki kidogo cha kukunjia. Mabega yake yalikuwa mifupa. Niliweka alama kwa ukucha, nikamketisha, nikamletea makasi yake makubwa ya kazi. Akaona ninavyoyashika, akatikisa kichwa.

"Tia makasi pembeni kidogo tu, halafu chana. Bafta ukiichana inafuata uzi wake."

Nikatia makasi. Nikashika pande mbili. Dada alikuwa bado ametupa mgongo nyuma ya kioo, na mimi nilijua sauti ya kitambaa kikichanika itamfikia hata na kelele za nje. Nikachana, moja kwa moja, mpaka mwisho wa upana.